Furaha ya asiyejua hulipiwa na nani?

Kwetu Bombo wapo wazee wanaoshikilia kwamba shule humnyang'anya mtu kicheko, na kinara wao ni baba yangu mdogo. Arusi ikiisha au hitma ikishasomwa, akipata chai yake ya tangawizi huanza kutaja watu mmoja mmoja. Fulani alikuwa mcheshi wa mtaa mzima, akaenda Makerere, akarudi na miwani na kimya. Fulani alikuwa hodari wa dholuka, siku hizi akialikwa kwenye ngoma anauliza itakwisha saa ngapi. Mwisho hunigeukia mimi. "Na huyu mwalimu wetu, tangu aijue baiolojia yake, hata mchuzi anaula kana kwamba anaupeleleza."

Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Baba mdogo hakuiokota kitabuni, ameiona kwa macho yake. Ametuona tukiondoka hapa tukiwa watoto wepesi wa kucheka, na ametuona tukirudi watu wa kukunja uso mbele ya simu. Anachouliza kwa namna yake ni swali la zamani sana: je, kadiri mtu anavyojua ndivyo furaha yake inavyopungua? Jibu nililo nalo halimfurahishi yeye, na nikilisema kwenye chumba cha walimu haliwafurahishi wenzangu pia.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mtoto wa Bombo, kilomita thelathini na kitu kaskazini ya Kampala kwenye barabara ya Gulu, mji wa kambi na wa Wanubi, wajukuu wa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini ya Sudan, ambao afisa Mwingereza Lugard aliwakusanya mwaka 1891. Nyumbani tunasema Kinubi, na Kiswahili alituletea baba kutoka jeshini. (Waganda wenzetu wa jirani walikuwa wakikiogopa Kiswahili hicho, na kwa yale waliyotendewa na watu wenye bunduki waliokisema, siwalaumu.) Nilikuwa darasa la pili mwaka 1997 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi. Kwa mwaka mmoja wanafunzi nchini waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Darasa letu lilihamia chini ya mwembe, na walimu walitufahamu kwa mistari tuliyokaa, si kwa majina. Wengi wa mstari wangu hawakufika sekondari. Mimi nilifika, nikaendelea, nikawa wa kwanza nyumbani kwetu kumaliza chuo kikuu.

Tangu siku hiyo hakuna karatasi inayoingia katika ukoo bila kupita mikononi mwangu. Majibu ya maabara, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mkataba wa mkopo, risiti za busuulu (kodi ya ardhi), fomu ya hija, dawa mpya ya presha yenye maandishi madogo kama chungu. Mtu huja jioni, anakaa, anauliza hali ya kazi, anakunywa chai, kisha bahasha inatoka mfukoni. Nimezoea kusoma huku uso wangu ukitazamwa. Wanaousoma uso wangu ni wasomaji wazuri kuliko mimi.

Basi tuanze na ule mchuzi, maana hapo baba mdogo ana haki yake.

Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Iligunduliwa baada ya bata mzinga wapatao laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Huwezi kuionja, haina harufu, na kuipika hakuiondoi. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka inamharibu ini, na akiwa na homa ya ini aina ya B hatari ya saratani inazidi sana. Huku kwetu jambo hili lilikuwa la vitabuni hadi Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu yake, na malori yakakwama Busia na Malaba. Wafanyabiashara waliona ni siasa. Huenda siasa ilikuwamo. Sumu nayo ilikuwamo.

Sasa mimi nalijua hili na mama hupika binyebwa, mchuzi wa karanga, mara mbili kwa wiki. Nakaa na ungo, natoa karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizovunjika. Mama ananitazama kwa uchovu. "Babu yako alizila hivyo hivyo mpaka akakosa meno." Ni kweli, na sina la kumjibu. Utamu wa binyebwa ya utotoni, ile uliyoilamba kidoleni ukiwa umesimama jikoni, sikuupata tena. Elimu iliuchukua na haikuniachia kitu kitamu badala yake. Atakayeniambia kwamba kujua hakupunguzi furaha kamwe, aje aketi na ule ungo.

Ila mama, akishamaliza kunilalamikia, anazipika karanga nilizochagua na anakula kwa raha zote, bila wazo lolote kichwani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Madrasa tulifundishwa dua fupi kutoka Surat Taha, ya kumwomba Mola atuzidishie elimu, na tuliisoma kwa sauti ya juu kabla ya mitihani hata ya hesabu. Shule yangu ya sekondari ilikuwa ya Wakristo, na huko nilikutana na Mhubiri wa Biblia, mzee aliyechoka, anayesema kwamba anayeongeza maarifa anaongeza masikitiko. Nilimpenda papo hapo. Kwa muda mrefu niliamini wawili hawa wanapingana, mmoja anaiomba na mwingine anaionya. Baadaye sheikh mmoja alinikumbusha kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiomba pia kukingwa na elimu isiyonufaisha. Kwa hiyo waumini walishajua zamani kwamba si kila kujua ni neema. Kinachobaki ni kuuliza: isiyonufaisha nani?

Wanasayansi nao hawakubaliani. James Watson, ambaye mwaka 1953 pamoja na Francis Crick alieleza umbo la DNA, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kusomewa jeni zake zote. Ilikuwa mwaka 2007, alikuwa na umri wa miaka karibu themanini. Akakubali zitangazwe kwa ulimwengu wote isipokuwa moja, APOE, ambayo aina yake mojawapo huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa Alzheimer uzeeni. Nyanya yake mmoja alikufa nao. Hakutaka kujua. Mtu aliyeufungua mlango wa elimu hiyo aliomba chumba kimoja kibaki na kufuli.

Kinachonivutia si woga wake, woga huo ninauelewa. Kinachonivutia ni yaliyofuata. Wataalamu walionyesha kwamba kuifuta jeni moja hakutoshi, kwa kuwa jeni hurithiwa pamoja na jirani zake, na anayezisoma za jirani anaweza kukisia ile iliyofichwa. Ikabidi kipande kikubwa cha pande zote mbili kifutwe pia. Yaani ili mzee yule asijue, ilibidi watu wengine wajue sana. Wajue kipi kifichwe, kianzie wapi na kiishie wapi. Kutojua kwake kulikuwa na wafanyakazi.

Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, wa Huntington, unaomharibu mtu ubongo taratibu akiwa mtu mzima. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993, na tangu hapo aliyezaliwa na mzazi mgonjwa anaweza kupimwa akajua kama naye utampata. Dawa ya kuuponya haipo. Katika nchi zenye vipimo hivyo, wengi walio hatarini huamua kutopima, na madaktari huuheshimu uamuzi huo. Ukisoma habari hizo unaweza kudhani umeipata sheria ya moyo wa binadamu: pasipo dawa, watu huchagua giza.

Kampala haikufuata sheria hiyo.

Ugonjwa uliokuja kuitwa silimu, yaani ukimwi, ulionekana kwanza Rakai, kwenye ufuo wa Kasensero, mwaka 1982. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki za wajawazito mjini Kampala zilikuwa zikikuta virusi kwa karibu mama mmoja kati ya watatu. Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi mwaka 1989 akasema hadharani kwamba anao, akazunguka shule na makanisa akiwa anakonda mbele ya macho ya watu, na Desemba mwaka huo huo akafa. Wapo waliosema amelipwa ili aseme. Mwaka uliofuata, 1990, ndipo kilipofunguliwa mjini kituo cha AIC, ambapo mtu yeyote aliweza kuingia, akapimwa bila kutaja jina lake, akapewa ushauri na baadaye majibu.

Fikiria mwaka huo. Dawa mseto zilizokuja kuokoa maisha zilikuwa hazijathibitishwa, hilo lilitokea mwaka 1996, na Waganda wa kawaida hawakuanza kuzipata bure mpaka 2004. Majibu yakiwa mabaya, kilichokuwapo ni ushauri, dawa za magonjwa nyemelezi ukibahatika, na kikundi kama TASO, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, cha kukushika mkono. Kwa hesabu ya furaha, hakuna sababu ya mtu kwenda. Na bado watu walikwenda, wengi mno, wakapanga foleni kutafuta habari ambayo mzee wa DNA angeikimbia.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mdogo, kisa hiki nimesimuliwa. Alikuwa na watoto watatu na nyumba iliyofika kwenye lenta. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, mtu wa maneno mengi na zawadi nyingi, na mtaani kulikuwa na minong'ono. Akamwomba waende wote. Mume akamjibu kwamba hawezi kupanda gari kwenda kununua kifo chake kwa nauli yake mwenyewe. Sentensi hiyo bado inasimuliwa kwetu, na watu bado wanaicheka, kwa kuwa ni ya kuchekesha kweli. Mama mkubwa akaenda peke yake.

Alivyorudi na majibu, mama anasema, alilala kitandani siku nyingi na hakutaka kupikiwa. Sitaki kulipamba hili. Wanaohubiri kwamba ukweli humweka mtu huru wangemwona wiki hizo. Halafu akainuka, akauza cherehani moja kati ya mbili, akaezeka. Akawakusanya ndugu zake akawagawia watoto mchana kweupe, yeye akiwa hai na akisikiliza, akibadilisha aliposikia mtu anasita. Kifungua mimba alikataa aende kwa mjomba tajiri kwa sababu mkewe alikuwa na ulimi. Miaka ya 1990 wanawake wenye virusi waliojiunga katika kikundi cha NACWOLA walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, na yeye, aliyeishia darasa la nne, aliandika cha kwake kwenye daftari la shule. Nimelisoma. Lina majina ya ukoo pande zote mbili, nani anadaiwa na nani, mtoto gani alichelewa kutembea na gani anapata upele akila samaki. Hakuna mahali alipoandika kwamba ana huzuni. Hakuna mahali alipoandika kwamba ana furaha.

Na yule mume? Mume alikuwa na furaha. Hata mama, ambaye hampendi, anakubali. Aliendelea na safari zake, aliendelea kucheka, akaoa mke wa pili upande wa Tororo, binti mdogo sana. Alikufa haraka, bila kuugua muda mrefu, na mpaka mwisho alisema ni malaria. Ukiwapima wawili hawa kwa mizani ya furaha, aliyekataa kujua alimshinda aliyejua kwa mbali, kila mwaka, mpaka kaburini. Yule binti wa Tororo ndiye aliyelipa. Na mama mkubwa, kwa kuwa watoto wa mume yule walihitaji pa kukaa na mtu wa kuhesabu kilichobaki, naye alilipa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro ya swali la baba mdogo. Linampima mtu mmoja, kana kwamba mtu huyo anaishi kisiwani Ssese peke yake na mtumbwi wake.

Nina kisa kingine, cha darasani, na hiki nimekiona mwenyewe. Wanafunzi wa kidato cha nne huwa nawafundisha urithi, na mfano usiokwepeka hapa kwetu ni selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyosema. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ambao nauheshimu kwa namna ulivyofanywa: walichukua sampuli za damu ya watoto wachanga zilizokwisha kukusanywa kutoka wilaya zote kwa ajili ya kupima virusi vya ukimwi, karibu laki moja, wakazipima tena. Asilimia 13.3 ya watoto walikuwa wabebaji wa jeni hiyo, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Bundibugyo na sehemu za kaskazini na mashariki wabebaji ni wengi zaidi ya hapo. Sababu ya wingi huo inajulikana tangu mwaka 1954, Anthony Allison alipoonyesha, kwa kuwapima pia watoto wa Kiganda karibu na Kampala, kwamba mbebaji hukingwa kiasi na malaria. Jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja inakulinda, mbili zinakuua. Wanafunzi hupenda sana sehemu hiyo. Hunyamaza.

Basi nachora jedwali ubaoni: baba mbebaji, mama mbebaji, watoto wanne wa kufikirika. Mmoja mzima kabisa, wawili wabebaji, mmoja mgonjwa. Nasisitiza kila mwaka kwamba ni bahati nasibu inayochezwa upya kwa kila mimba, si zamu. Mwaka mmoja, kengele ilipolia, binti wa nyuma alibaki. "Madamu, wakifa wawili kati ya watano, inawezekana?" Nikamwambia inawezekana. Akauliza maswali mengine, ya macho ya njano, ya vidole vya mikono kuvimba utotoni, ya maumivu ya usiku msimu wa baridi. Hakuwa akiuliza ya mtihani.

Nyumbani kwao, nilikuja kufahamu, vifo vya wadogo zake vilikuwa na maelezo yaliyotosha watu wote: bibi mzaa baba. Alikuwa mjane, mwenye jicho jekundu, asiyeelewana na mkwewe. Hakuna aliyempiga wala kumfukuza, ni watu wastaarabu. Walimjengea chumba chake mbali kidogo, wajukuu wakazuiwa kula kwake, akaishi hivyo miaka. Na nyumba ilikuwa na amani. Nasema hivi bila kejeli: baba na mama walipendana, walifutana machozi, walikuwa na adui mmoja na adui huyo alikuwa nje ya kitanda chao.

Kisha binti akaenda nyumbani na jedwali langu.

Wazazi walipimwa. Wote wawili ni wabebaji. Ile amani ilivunjika muda huo huo. Baba alisema damu mbaya ni ya upande wa mama, mama akasema kama ni hesabu basi ni nusu kwa nusu, ndugu wakaingia, kukawa na mazungumzo ya kuachana. Mzee mmoja wa ukoo alikuja mpaka shuleni kuniuliza, kwa heshima zote, kama serikali ndiyo iliyonituma kuvunja nyumba za watu. Nilimpa kiti. Sikuwa na jibu fupi. Furaha ya wazazi wale ilipungua kwa sababu ya somo langu, hilo halina ubishi, na sidhani kama imerudi yote. Binti naye anajua kwamba kabla ya kuolewa atalazimika kumwomba mtu anayempenda aende naye maabara, na kwamba siku hiyo karatasi inaweza kumwambia aache.

Lakini bibi anakula na wajukuu wake.

Nikiwasimulia walimu wenzangu, wao huishia hapo, wanaipenda kwa sababu sayansi imeshinda uchawi. Mimi sioni ushindi, naona deni lililohamishwa. Uzito wote uliokuwa kwa mwanamke mmoja mzee umegawanywa, na waliogawiwa wamelalamika, kama ambavyo mtu yeyote angelalamika. Ukiwahoji leo watu wa nyumba ile uwaulize kama wana furaha kuliko zamani, wengi watajibu hapana, mmoja atajibu ndiyo, na hesabu ya wastani itakwambia elimu imewaumiza. Siiamini tena hesabu ya wastani.

Watu huleta pia mfano wa vijana wenye digrii wanaoendesha bodaboda. Ona wanavyonuna, wanasema, wasingesoma wangekuwa na raha zao. Huu siupi nafasi kubwa. Kijana yule hakukosa raha kwa sababu anajua fizikia. Aliambiwa na sisi walimu, tangu darasa la kwanza, kwamba soma ule uhondo, baba akauza ng'ombe, na uhondo haukuja. Ahadi iliyovunjwa inauma hata kwa asiyejua kusoma. Nimewahi kupanda pikipiki ya mmoja wao kutoka Wandegeya, tukazungumza habari za nyota mpaka nikapitiliza kituo, na alikuwa mchangamfu kabisa mpaka nilipomuuliza alisomea nini.

Turudi kwa mama na karanga zake. Raha yake mezani ni ya kweli, nami naipenda. Lakini si raha ya mtu anayeishi mahali pasipo na sumukuvu. Ni raha ya mtu mwenye binti na ungo. Ndivyo ilivyo kwa shangazi yangu pia, mwenye kibanja chake upande wa Wobulenzi, ambaye katika ukoo wetu ndiye mfano wa moyo mweupe. Kila anayemtembelea anarudi akisema laiti ningekuwa na utulivu wa yule mama. Hajui kusoma. Barua zikija anazikunja, anazitia kwenye kopo la biskuti, na siku nikipita ananikabidhi zote bila kuuliza. Kawaida yangu ilikuwa kushughulikia kimya kimya kisha kumwambia yameisha. Yeye alilala, mimi nilikesha, na kwenye arusi baba mdogo alinyoosha kidole akasema ona aliyesoma na ona asiyesoma.

Ikaja barua ya wakili. Ardhi ya huko ni ya mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa mwaka 1900, ambapo mmoja ana hati na mwingine, mwenye kibanja, ana haki ya kukaa na kulima kwa kulipa busuulu. Barua ilisema mwenye hati ameuza, mnunuzi anataka pake, shangazi ana siku chache. Mimi nilijua kile ambacho mwandishi wa barua alitumaini hatukijui: kwa sheria ya ardhi ya 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2010, mwenye kibanja halali haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu ya kutolipa busuulu. Nilijua pia kwamba hakuna sheria inayozuia watu kuja na greda usiku. Ujuzi wa aina hii ni mbaya kulala nao.

Safari hii sikunyamaza. Nilikaa naye nje, nikamsomea barua neno kwa neno, nikamweleza sheria, nikamweleza na greda. Uso wake ulibadilika, na niliona vibaya, kama mtu aliyemwamsha mgonjwa. Akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kuuliza, na baada ya kuuliza akaanza kusema. Risiti zote za busuulu zilikuwa kwenye lile kopo, chini ya barua, kwa mpangilio wa miaka. Karani wa zamani wa mwenye hati alimfahamu kwa jina, na kwa majina ya wanawe. Mwaka ambao karani mpya alikataa kupokea pesa yake, alikwenda naye jirani mmoja ambaye bado yuko hai na anaweza kusimama mbele ya hakimu. Mambo haya nisingeyapata kwenye sheria yoyote, na kwa miaka sikuwa nimemuuliza, kwa kuwa tuligawana kazi vibaya: yeye awe na utulivu, mimi niwe na habari. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1, na kopo kwapani. Kesi iko mahakamani. Halali vizuri kama zamani, ananiambia, na ananiambia kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeuza ardhi.

Baada ya hapo nilitangaza kwamba sitasoma tena karatasi zote peke yangu. Za ardhi nitabaki nazo. Za hospitali nimempa binamu yangu, kijana wa diploma ya uhasibu, mcheshi, ambaye baba mdogo hupenda kumtaja kama aliyenusurika na shule. Wiki hiyo hiyo shangazi alipimwa figo kwa ajili ya presha yake. Saa sita usiku simu yangu ikalia: "Dada, kreatinini ni nini, na hii nyota pembeni ya namba maana yake nini? Wewe ulikuwa unalalaje?" Nikamwambia alale, Jumatatu amuulize daktari. Akataka kujua kama si afadhali tusimwambie shangazi chochote mpaka Jumatatu, asije akakosa raha bure. Nikamwambia figo ni zake. Aende kesho baada ya swala ya asubuhi, amsomee karatasi yote, na hiyo nyota asiiruke.